Ngamia Kumi na Mmoja wa Mfuko wa Saruji

Mambo haya yote yaligharimu mifuko mitano ya saruji (mitupu, msije mkaniona tajiri), debe moja la utomvu wa mgunga, singa za mikia ya mbuzi wa jirani ambazo jirani hakuulizwa na mbuzi hawakulipwa, msumari mmoja wa inchi sita, madawati mawili yaliyoungua pembeni, na ngamia kumi na mmoja. Nimehesabu mara mbili. Ngamia hao kwanza walikuwa wa karatasi. Gharama ya pili, ya ngamia wenye nyama na mifupa, ilikuja baadaye na haikupita mkononi mwangu, lakini sasa imeletwa mlangoni kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza.

Nimestaafu wiki tatu zilizopita. Shuleni mliniaga kwa soda, kwa hotuba ya mtu aliyekuwa akisoma jina langu kwenye karatasi, na kwa saa ya ukutani ambayo betri yake nanunua mwenyewe. Baadhi yenu, walimu vijana, mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitengeneza wanyama wa karatasi na watoto, kabla vifaa havijaanza kuja vimeshakatwa kiwandani na mtoto akabakiziwa kazi ya kupaka gundi tu. Nitaandika. Habari za kupandishwa cheo naziacha. Zingeenea kwenye kiganja na nafasi ikabaki.

Nilianza kufundisha Garissa mwaka wa pili wa vita vile ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi, na watu wetu waliviita majina mengine kutegemea nani alikuwa anasikiliza. Sikuwa na cheti. Nilijua kusoma, kuandika, na kutokubali bei ya kwanza. Baba yangu alikuwa dalali katika soko la mifugo na mama aliuza maziwa. Katika nyumba kama hiyo hata kikombe cha maji hukipati bila mvutano. Mjini kulikuwa na amri ya kutotoka usiku, vizuizi barabarani, na wanaume wengi wenye bunduki walioletwa kwa ajili ya usalama wetu, kwa hiyo tukawa tunaogopa kwa utaratibu mzuri zaidi.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinikabidhi watoto thelathini na wanne, mkasi mmoja, na sanduku. Yeye alikuwa mtu wa bara, msafi, mpenda mistari iliyonyooka, na nadhani alikuwa akiiombea barua yake ya uhamisho kila alfajiri. Sanduku lilitoka ng'ambo kwa watu wema ambao, kwa kulitazama, hawakuwa wamewahi kukutana na mtoto. Ndani mlikuwa na kijitabu cha wanyama rahisi wa karatasi. Chukua kasha la mayai, kiliagiza. Wakati ule mayai yetu yalikuja yamefungwa ndani ya kuku. Chukua bomba la karatasi ya chooni. Nikawatazama watoto, watoto wakanitazama, tukafungua ukurasa mwingine. Chukua pamba umfanyie sungura manyoya ya theluji. Nilijaribu kueleza theluji. Mtoto mmoja akauliza kama inanyweka, nikasema ndiyo, akauliza basi kwa nini wameimwaga chini.

Wanyama wenyewe walikuwa mtihani. Kurasa za nguruwe mwalimu mkuu alikuwa ameshazibandika pamoja, busara ambayo sikuiona tena kwake. Kulikuwa na dubu mweupe. Kulikuwa na pengwini, ambaye darasa lilikubaliana, baada ya mjadala, kuwa ni korongo aliyeajiriwa ukarani. Na kulikuwa na ngamia mwenye nundu mbili. Hapo watoto wote walinyamaza kwa adabu, kama mtu anayemwona mgeni amevaa nguo kinyume. Aliyevunja ukimya ni Omar, mtoto wa mchinjaji.

"Maalim," akauliza, "hii ya nyuma ameiba kwa nani?"

Mkasi mmoja kwa watoto thelathini na wanne ni vita vingine. Nikanunua mitano sokoni kwa bei ambayo muuzaji alisema itamfukuzisha mke, na kila jioni nikawa naibeba yote sita nyumbani mtaa wa Galbet, maana mikasi ikilala shuleni huamka pungufu. Tatizo lilikuwa kizuizi cha njiani. Askari mmoja alinikuta nayo, akataka kujua nyaya za simu nilizokusudia kukata ni zipi. Nikachukua kipande cha gazeti, nikamkatia sungura pale pale. Akamgeuzageuza. Akasema mwanawe yuko mbali, na anapenda tembo. Nikamwambia tembo ni kazi kubwa, bei yake ni kupita wiki nzima bila maswali. Tukaafikiana siku tatu. Mwaka mzima nilivuka kizuizi kile kwa wanyama wa gazeti, na mpaka leo naamini yuko mtu mzima mahali fulani anayedhani baba yake alikuwa fundi.

Upande wa gundi, kijitabu kilisema tupike unga. Nilipika sufuria moja, watoto wakaila. Ulikuwa mwaka wa njaa, siwalaumu. Mimi mwenyewe nilionja kuona kama ingehitaji chumvi. Aliyeniokoa ni Maalim Nuur, mzee wa chuo cha Kurani nyuma ya shule, ambaye alitengeneza wino wa mbao za watoto wake kwa mkaa uliosagwa na utomvu wa mgunga. Alinifundisha kuloweka utomvu usiku kucha katika maji vuguvugu, kuchuja kwa kitambaa, na kuuacha uwe mzito kama asali. Gundi hiyo ikishika, imeshika. Nilimuuliza, ukitaka kubandua unafanyaje? Akasema hajawahi kukutana na mtu aliyebandika kitu bila kujua anachotaka. Hakuwa amekutana na mwalimu mkuu wetu.

Haya, ngamia. Chukueni tabaka la ndani la mfuko wa saruji, likung'uteni, lifuteni kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi yake imeshakuwa ya ngamia, hamna haja ya kumlipa mtu rangi. Likunjeni mara mbili, mkunjo uwe mgongo. Choreni upande mmoja: shingo ianzie chini kama mtu aliyeangusha kitu, kisha ipande kama mtu aliyeamua hakikuwa chake. Nundu moja. Kateni bila kugusa mkunjo, naye atasimama mwenyewe. Miguu iungwe kwa vijiti vya mswaki kwa ndani, la sivyo mchana wa joto atapiga magoti. Nundu ijazwe nyasi kavu, mkia uwe wa singa, macho mbegu. Kope msizisahau. Ngamia asiye na kope hufanana na mbuzi aliyepewa talaka. Mwekundu mpakeni hina, mweupe majivu.

Karibu watoto wote walitengeneza ngamia mmoja, wakachoka, wakahamia kwa kuku na sungura, na mmoja kwa dubu. Omar, kwa kuwa mwalimu mkuu alitaka wanyama zaidi kutoka kwenye kijitabu, alikubali kutengeneza pengwini sita, kwa malipo ya kushika mkasi mzuri kuliko wote muhula mzima. Aliyenishinda ni Sahra. Alikuwa na miaka tisa hivi, ameletwa mjini kwa eddo yake, dada wa baba, ili asome. Baba yake, Mzee Hirsi, alikuwa akichunga upande wa Masalani. Sahra alimaliza ngamia mmoja, akaomba karatasi. Nikampa. Akaomba tena. Alipofika wa tano nikamwambia saruji haichimbwi uani kwangu, ngamia mmoja anatosha. Akanitazama kana kwamba nimetoa neno chafu.

"Na wengine, maalim, walale nje? Fisi je?"

Hapo nikaelewa kuwa msichana huyu hachezi. Anaingiza mifugo zizini, na mtoto wa mfugaji hafungi mlango wa zizi kabla mnyama wa mwisho hajaingia. Walifika kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na sikio lililochanika, mmoja mguu mfupi, mmoja dume la mizigo mwenye shingo nene, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Asubuhi iliyofuata walikuja wote wamechomwa chapa: alikuwa amepasha msumari kwenye jiko la eddo yake, akawachoma shingoni upande wa kushoto, duara dogo lililokatwa na mstari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ngamia asiye na chapa ni wa yeyote.

Mimi ni mtoto wa dalali, chapa nilizisoma kabla ya herufi. Ile ilikuwa ya Mzee Hirsi. Na nilijua jambo jingine ambalo nusu ya soko ilijua na nusu ya pili ilijifanya haijui. Wenye mifugo walikuwa wametakiwa waiandikishe, na mnyama aliyepatikana nje ya hesabu aliitwa chakula cha shifta na kuchukuliwa. Mzee Hirsi aliandikisha ngamia wanne. Saba walikuwa porini na mwanawe mkubwa, na hao saba ndio waliokuwa maziwa ya nyumba nzima. Kwetu hata wakati wa amani mtu hataji idadi ya mifugo yake mbele za watu. Ni kuwaita macho mabaya. Na sasa binti yake amewapanga wote dawatini, wamekamilika, wana chapa, kilema na asiye kilema. Nikamsifu, nikawachukua, nikawafungia kabatini chini ya ramani kuukuu za dunia. Wanyama wa watoto wengine nikawaacha dirishani.

Ikaja Ijumaa ambayo afisa mmoja mkubwa wa usalama angetembelea shule saa tisa alasiri kuona watoto wanavyoendelea vizuri. Mimi na watoto tulikwenda kuswali. Mwalimu mkuu, ambaye Ijumaa hakuwa na pa kwenda, alibaki na nafasi, ufunguo wa akiba wa kabati langu, na debe langu la gundi.

Niliporudi saa nane, ukuta mzima wa darasa ulikuwa umejaa wanyama kwa mistari iliyonyooka kama mahindi. Katikati, kwa heshima, walikuwa ngamia kumi na mmoja, na chini yao, kwa wino mwekundu, maneno: Kazi ya Sahra binti Hirsi. Nilimkuta mwalimu mkuu anarudi nyuma hatua moja moja akiwafurahia. Nikashika mguu wa ngamia mmoja nivute. Chokaa ilianza kuja na ukuta. Nikamwambia wale ngamia hawajakauka. Wamekauka, akasema. Nikamwambia kazi ya mtoto mmoja isizidi ya wenzake. Akasema ndiyo hiyo atakayomwonyesha mgeni, amekwisha kumtajia kwa simu. Sababu yenyewe sikuweza kumwambia. Mtu aliyeshindwa kuacha kabati la mwenzake limefungwa, mdomo wake ungefungwa na nini?

Na afisa hakuwa akija peke yake. Alitembea na mkalimani mzaliwa wa hapa, mtu aliyesoma chapa kama mimi ninavyosoma, tena kwa mshahara.

Chapa ya moto haifutiki, na ukuta ulikuwa haubanduki. Kilichobaki ni kuifanya chapa ile isiseme kitu. Kama ngamia kumi na mmoja wanayo, basi awe nayo kuku, awe nayo dubu, wawe nayo pengwini. Nikamwambia mwalimu mkuu kuwa shule zilizoendelea zina alama yao kwenye kila kazi ya mtoto, na sisi tuna ya kwetu kwa ngamia kumi na mmoja tu, aibu. Neno "alama ya shule" lilimwingia kama sukari kwenye chai. Akaniletea jiko la chai mwenyewe.

Watoto ndio waliokataa. Sahra nilimvuta kando, nikamwambia kwa Kisomali, polepole, kuwa baba yake aliandikisha wanne. Akatazama ukuta. Aliwahesabu kwa macho tu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.  Nikamweleza mpango. Akatikisa kichwa: chapa ya baba kwenye mnyama wa mtu mwingine ni wizi, tutaitwa wezi na wakubwa wataitana kikao. Wenzake wakaunga mkono kwa kelele. Hakuna aliyetaka mali yake ichomwe alama ya ukoo mwingine, hata kama mali yenyewe ni bata wa gazeti. Saa nane na robo, afisa yuko njiani, nami nimesimama na msumari mwekundu mbele ya mahakimu thelathini na wanne.

Basi nikafanya ninachokijua. Sokoni kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Mkono wa muuzaji na wa mnunuzi hukutana chini ya kitambaa, vidole vikasema, na dalali akawa shahidi. Nilivua kitambaa changu cha begani. Nikamwambia Sahra awanunue wote. Mnyama akishakuwa wake, chapa ni haki.

Sijaona soko la haraka namna ile. Dubu alikwenda kwa shanga tatu. Kuku watano walikwenda kwa zamu ya kukaa karibu na dirisha. Sungura wa theluji kwa kikombe cha maziwa, kitakacholetwa ngamia wakirudi karibu na mji. Kila biashara ikifungwa, mtoto mmoja alipanda dawatini na msumari umefungwa kitambaa kibichi, tss, duara na mstari, na darasa likanuka kama siku ya chapa porini. Mwalimu mkuu alichungulia, akauliza moshi ni wa nini. Nikamwambia ni wa maendeleo.

Wakabaki pengwini sita, mstari wa mbele, sawa na macho ya mtu mzima. Omar alitia mkono chini ya kitambaa akautoa. Akatia, akatoa. Shanga hataki. Maziwa hataki, kwao wana nyama. Nilimwona baba yake mzima mzima ndani ya kaptula ile. Alitaka ngamia. Sahra akampa kilema. Omar akasema yule wa sikio lililochanika. Nikaona jinsi uso wa Sahra ulivyobadilika, nikajua ni nani nyumbani anayetoa maziwa mengi kuliko wenzake.

"Haye, mchukue," akasema.

"Na chapa yake," akasema Omar. "Sisi nyumbani hatuna chapa. Nikiwa na ngamia bila chapa watasema wa wizi."

Gari lilisikika getini. Sahra aliuvuta mkono wa Omar akaurudisha chini ya kitambaa mwenyewe.

"Na chapa yake. Maalim ni shahidi. Lete pengwini."

Afisa aliingia, akasifu mistari. Mkalimani alikwenda moja kwa moja kwa ngamia, kama nilivyojua, akainamisha shingo kwenye chapa. Kisha macho yake yakahamia kwa kuku. Kisha kwa dubu. Aliposimama mbele ya pengwini sita, kila mmoja na duara na mstari kifuani, nilimwona akiuma shavu kwa ndani. Afisa akamuuliza ile alama ni ya nani.

Mwalimu mkuu akamwahi. Ni alama ya shule, bwana, akasema, na kifua kikampanda. Mkalimani alinitazama mimi, akatazama kitambaa kilichokuwa bado mkononi mwangu.

"Chaba ya shule tu, afande," akasema kwa lafudhi ya kwetu. "Watoto nabiga kila kitu."

Afisa hakuwa mjinga. Alisoma maneno mekundu, akamwita Sahra, akainama mpaka kofia ikawa sawa na uso wake, akamuuliza kwa upole baba ana ngamia wangapi.

"Hawa wote," akasema Sahra, akionyesha ukuta kuanzia pembe moja hadi nyingine.

"Hata huyu?" Aligusa pengwini.

"Huyo nimemnunua leo."

Afisa alicheka, akampa peremende, akamwambia mwalimu mkuu kuwa mtoto ni mchangamfu lakini hesabu bado. Akaondoka. Peremende ile Sahra hakuila mbele yangu. Mwalimu mkuu alikasirikia hesabu mwezi mzima.

Ningependa kuwaambia kuwa tulishinda. Mwaka uliofuata watu wa nje walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na mifugo ikatakiwa ikae walipo watu. Ngamia hali seng'enge. Waliokwenda kulisha nje walipigwa risasi, waliobaki ndani walikonda mpaka wakalala. Wanne walioandikishwa na saba wasioandikishwa walikwenda njia moja, na hakuna aliyehitaji kusoma ukuta wetu. Mzee Hirsi alimaliza siku zake akiuza kuni. Sahra alitolewa shuleni akamsaidie.

Mimi niliendelea. Alikuja mwalimu mkuu mwingine, na mwingine, na masanduku mengine yenye wanyama wengine wasiojulikana. Nilifundisha watoto wa wale watoto. Niliyojifunza ni machache: hesabuni mikasi kabla mtoto wa kwanza hajatoka mlangoni, msimpe mtoto kiolezo kabla hajachora wake, na akiomba karatasi nyingine, muulizeni anamtengeneza nani kabla ya kumwambia basi.

Sasa sikilizeni kilichonileta kwenye kalamu. Omar ni mtu mkubwa siku hizi, Haji Omar, anauza nyama, akanunua ngamia, wakazaana. Alikuwa akiwalisha mbali, upande wa Liboi. Ukame wa juzi ukawasukuma hadi kando ya mji. Sahra ni nyanya mwenye kibanda cha maziwa sokoni. Huamka alfajiri kununua maziwa kwa wenye ngamia ili auze. Akaenda kwenye kundi jipya, akaweka dumu chini, akainua macho. Shingoni, upande wa kushoto, duara na mstari. Kundi zima.

Walikuja kwangu pamoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake hatangulii. Haji alisema alinunua, kwa vidole, mbele ya dalali, na chapa ilitajwa kwa mdomo. Aulizwe mwenye kitambaa. Sahra hakukana. Alisema siku ile alikuwa ananunua uhai wa ngamia wa baba yake, na wakafa wote, kwa hiyo alichokilipia hakukipata, na biashara ambayo upande mmoja haukupokea si biashara. Haji akasema atampa maziwa kwa nusu bei mpaka mmoja wao azikwe. Sahra akasema hakuja kuomba maziwa.

"Anataka nifute," Haji akaniambia, sauti imeshuka. "Maalim, nikifuta, itabaki wapi? Ndugu zake wamekufa. Ngamia wao wamekufa. Mimi ndiye ninayeitembeza."

"Ndiyo maana," akasema Sahra. "Naiona ikipita kila asubuhi, na mimi nainunua."

 Kwa haki ya soko, Haji ni mkweli: nilikuwepo, mkono wangu ulikuwa juu ya mikono yao. Kwa haki nyingine, ambayo sokoni haina jina, aliyeuza alikuwa mtoto wa miaka tisa, gari la afisa likiwa getini. Wote wawili wamekataa chai yangu mpaka niamue, na Ijumaa baada ya swala watarudi kusikia.

Ninyi ni vijana, mmesoma hadi vyuo vikuu, kati yenu wamo wa sheria na wamo wa dini. Mwenye jibu aniletee kabla ya Ijumaa. Ila asiniletee lile la kuwagawia nusu kwa nusu. Hilo nilishawaambia, na Sahra akaniuliza nusu ya chapa inachomwaje.